Mwanafunzi yuko wodini: jinsi tunavyomwita kwenye mahudhurio kwa simu

Nafundisha darasa la tano Kibosho, huku juu ya Moshi. Darasa langu lina watoto 68. Mmoja wao aligundulika na saratani ya damu akalazwa KCMC, hospitali kubwa ya Moshi. Hospitali yenyewe si mbali na sisi, ila matibabu ya aina hiyo huchukua miaka miwili hadi mitatu, na kemo, yaani dawa kali za saratani, hushusha chembe nyeupe za damu kiasi kwamba mafua ya jirani wa dawati yanaweza kumrudisha mtoto wodini. Kwa hiyo hata akiruhusiwa kurudi nyumbani, darasani haji. Ndiyo maana tukaanza kutumia simu. Nawaandikia walimu na wazazi wenzangu tunavyofanya, pamoja na nilipokosea.

Vifaa ni vitatu tu: simu yangu, simu ya mama yake, na spika ndogo ya bluetooth. Wanafunzi hawaruhusiwi kuja na simu shuleni, hivyo simu iwe ya mwalimu, na mwalimu mkuu awe na habari tangu mwanzo. Ongea pia na nesi wa zamu. Halafu muulize mtoto mwenyewe kama anataka, maana watoto tunawasahau.

Saa ya kupiga wapange mtoto na mama yake. Nilimuuliza mama yake, "Mama, ni saa ngapi anakuwa na nguvu?" Akanijibu, "Mwalimu, asubuhi madaktari wanapita. Wakishapita, kabla hajawekewa dripu, hapo anaongea. Mchana analala tu." Basi nikahamisha kuita majina. Asubuhi najaza daftari la mahudhurio kama kawaida, na daftarini naandika ukweli kwamba yuko hospitali. Baada ya uji naita majina tena, simu ikiwa mezani na spika imewashwa. Nikifika kwake ananijibu, "Nipo, mwalimu." Siku ya kwanza darasa lilipiga makofi mpaka spika ikakwaruza. Baada ya wiki hakuna aliyegeuza shingo. Nilifurahi sana, kwa sababu alishakuwa mwanafunzi kama wengine.

Anza na hilo la majina, masomo yafuate. Mimi nilianza kinyume. Wiki ya kwanza nilirekodi kipindi kizima cha Hisabati, dakika 40 za video, nikamtumia. Bando ambalo mama alikuwa amelinunua kwa wiki nzima likaisha siku hiyohiyo, na mtoto hakufika hata robo ya kipindi kwa maumivu ya kichwa. Mama hakunilaumu, lakini mimi iliniuma.

Sasa kwa siku namtumia ujumbe mmoja wa sauti usiozidi dakika tatu, picha mbili za ubao na swali moja. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp hauli hata MB moja kwa dakika hizo, wakati video ya ana kwa ana ya nusu saa inaweza kumaliza MB 100 na zaidi. Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp katika simu zote mbili, sehemu ya hifadhi na data, uwashe kutumia data kidogo wakati wa kupiga na uzime picha na video zisijipakue zenyewe. Picha ya ubao ipige kabla hujafuta, ukisimama mahali ambapo mwanga wa dirisha hauakisi. Vitabu vya kiada vipo kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Usimtumie kitabu kizima, mpe kurasa mbili za siku hiyo. Kuhusu bando, walimu tunachangishana na kulinunua moja kwa moja kwenye namba ya mama. Ana nauli na chakula cha kufikiria.

Sasa suala la kamera. Nywele zilipoanza kutoka, mtoto alikataa video kabisa. Nilidhani amechoka, kumbe alikuwa anaogopa kuonwa. Tukazima kamera ya upande wake tu, ya darasani ikabaki wazi. Akawa anatuona, sisi tunamsikia. Norway kuna kampuni inaitwa No Isolation iliyotengeneza roboti mdogo, AV1, anayekaa darasani badala ya mtoto mgonjwa. Naye hufuata utaratibu huohuo: mtoto anaona darasa, darasa halimwoni, na taa ya kichwani humulika akitaka kunyoosha kidole. Sisi hatuna roboti. Tuna jirani yake wa dawati, ambaye huegemeza simu kwenye boksi la chaki na kunyoosha kidole kwa niaba yake. Mwachie mtoto uamuzi wa kamera kila siku upya. Jana kukubali si ahadi ya leo.

Darasa nalo liandaliwe. Niliwaambia, "Saratani haiambukizi. Mafua yenu ndiyo yanaambukiza." Na marufuku mtu yeyote, mwalimu au mzazi, kumpiga picha kwenye kioo cha simu na kumrusha kwenye status au kundi la wazazi.

Mengine ni madogo. Simu ifutwe kwa sanitaiza kabla mtoto hajaishika. Pawabenki ijazwe usiku. Masika yakinyesha juu ya mabati yetu hakuna kinachosikika, siku hizo tunatuma barua: kila safu inaandika ukurasa mmoja, napiga picha, namtumia.

Kuna siku simu haitapokelewa. Usipige mara tano. Tuma salamu fupi isiyodai jibu: "Leo kwenye Hisabati tulisoma sehemu. Tumekukumbuka." Mwezi wa tano zilipita wiki mbili nzima bila sauti yake. Niliendelea kumwita baada ya uji, nikisubiri kidogo kama ninavyosubiri kwa wengine. Siku ya tatu jirani yake wa dawati alisimama, akajibu, "Yuko hospitali, mwalimu." Tangu hapo, kila ninapoita na spika ikawa kimya, huyo ndiye anayejibu, kisha naita jina linalofuata.