Kabla ya kupigwa kamera ya tumbo na kusoma majibu ya nyama

Anza na mkoba wako wa dawa. Hapa Nairobi tumezoea: kiungulia kikianza, unapita kemisti karibu na steji, unanunua omeprazole na kumeza miezi kadhaa kabla ya kumwona daktari. Dawa hiyo ya kupunguza asidi hupunguza pia bakteria wa H. pylori, wanaoleta vidonda vya tumbo, kwa hiyo majibu yanaweza kusema hawakuonekana ilhali wamo. Kwa kawaida huachwa wiki 2 kabla ya kipimo, na antibiotiki wiki 4. Usiache kwa kujiamulia, hasa kama umewahi kutapika damu. Muulize daktari, na umtajie kila unachomeza.

Mama hakuulizwa, nasi hatukusema. Majibu yakarudi safi, tukamshukuru Mungu, naye akaendelea kushika tumbo usiku. Alipopimwa tena baada ya kuacha dawa, bakteria walionekana. Bado naumia nikikumbuka miezi ile.

Siku yenyewe ni nyepesi: usile tangu usiku, na uje na mtu wa kukurudisha nyumbani, kwani sindano ya usingizi hukuacha na kizunguzungu.

Uliza watakata vipande vingapi vya nyama ya tumbo vya kupelekwa maabara. Vipande ni vidogo kuliko punje ya mchele, na bakteria hawakai kila mahali, ndiyo maana mwongozo wa Sydney, ambao madaktari hufuata kupima nyama ya tumbo, unataka 5 kutoka sehemu mbalimbali za tumbo.

Sasa rangi. Nyama iliyokatwa nyembamba karibu haina rangi, hivyo maabara huipaka. Hematoksilini na eosini hufanya viini vya seli kuwa zambarau na sehemu nyingine waridi. Hapo ndipo uvimbe wa ukuta wa tumbo (inflammation, si uvimbe wa kansa) huonekana. Giemsa huwatia bakteria bluu, rangi ya fedha huwafanya weusi. Alcian blue hutia bluu ute wa seli zinazofanana na za utumbo, dalili ya metaplasia, yaani seli za tumbo kugeuka kuwa kama za utumbo. Hiyo si kansa, ila yafaa kufuatiliwa.

Kwa hiyo ukiona "positive", usitetemeke kabla ya kuuliza: positive ya nini, kwa rangi gani? Na ukiona "negative", jiulize ulikuwa ukimeza nini wiki zile za kabla ya kipimo. Chukua nakala ya ripoti ya patholojia yenyewe, kisha uandike tarehe uliyomeza omeprazole mara ya mwisho pembezoni mwake.