Somo: Kutoa katekini kwenye chai ya Rungwe na kuzipima dhidi ya virusi vya mafua

Katekini ni kemikali chungu za jani la chai. Somo hili ni la wenye maabara ya seli ya daraja la 2 la usalama wa kibiolojia. Si la jikoni.

Hatua ya 1. Chuma chipukizi na majani mawili ya juu. Yapige mvuke dakika 2 mapema iwezekanavyo, kisha yakaushe kwa nyuzi 60. Ukichelewa, kimeng'enya cha jani huoksidisha katekini, unabaki na chai nyeusi. Usianike nje, kwa mvua za Tukuyu utavuna ukungu.

Hatua ya 2. Gramu 10 za unga, mililita 200 za maji ya nyuzi 80, dakika 10. Chuja, poza. Osha kwa klorofomu ujazo sawa mara 2. Kafeini hushuka nayo. Kisha ethili asetati mara 3. Katekini hupanda juu. Geuza faneli ya kutenganishia polepole: ukitikisa kama soda, tabaka zinashikana kama maziwa na hazitengani. Kausha kwa utupu, nyuzi 40.

Hatua ya 3, ambayo wengi huiruka: sumu kwanza. Weka dondoo (hiyo uliyokausha) kwenye seli za MDCK (seli za figo ya mbwa) zisizo na virusi, kuanzia mikrogramu 200 kwa mililita ukipunguza nusu kwa nusu, saa 48. Katekini ndani ya midia (maji ya kulishia seli) huzalisha hidrojeni peroksaidi, nayo ndiyo huua seli. Ongeza katalesi, kimeng'enya kinachoivunja, uone tofauti. Weka pia visima vya sahani visivyo na seli, kwa sababu katekini hugeuza MTT (kipimo cha rangi cha uhai wa seli) kuwa zambarau zenyewe, ukadhani seli ziko hai.

Hatua ya 4. Ambukiza seli saa 1, osha, ndipo uweke dondoo. Midia isiwe na seramu, iwe na tripsini ya TPCK, kimeng'enya kinachoviwezesha virusi vya mafua kuingia seli. Gawanya dozi inayoua nusu ya seli kwa ile inayozuia nusu ya virusi. Jibu likiwa chini ya 10, usishangilie.

MASWALI

Mkuu, mimi nilichanganya dondoo na virusi kabla, vikafa vyote. Kosa liko wapi?
Katekini ya EGCG hung'ang'ania chembe ya virusi isishike seli. Umepima kitakasa mikono, ndugu, si tiba.

Kidhibiti, yaani dawa ya kulinganishia, niweke Tamiflu ya kusaga?
Hapana. Oseltamivir, dawa iliyo ndani ya Tamiflu, huamshwa hasa na ini. Tumia oseltamivir kaboksileti, umbo lililokwisha kuamshwa.

Kwa hiyo nikinywa vikombe vitano napona?
La. Kwenye seli inahitajika makumi ya mikromola. Vikombe viwili vitatu haviifikishi damu hata mikromola 1.