Kupanda ekinasia za dabo uwanjani: hatua kwa hatua kwa sisi tulioko kwenye winta

Hii nawaandikia wenzangu wa Ohio, Michigan, Minnesota na kwingineko huku kwenye winta ya ukweli, wenye kijisehemu cha uwanja mbele au nyuma ya nyumba na wamechoka kununua maua ya msimu mmoja kila mwaka. Mimi niko Columbus, udongo wetu ni mfinyanzi mtupu, kwa hiyo kama huku ekinasia za dabo, yale maua yanayorudi kila mwaka na yaliyojaa petali mpaka katikati, zinakubali basi na kwako zitakubali. Walioko nyumbani Dar au Mombasa msinitukane ila kwa kweli nisingewashauri mpoteze hela, hili ua linataka baridi ya kulilaza na baadae siku ndefu za kiangazi ndio lichanue, nyie pandeni zinia za dabo mtafurahi zaidi, na wa Lushoto na Limuru mnayo dalia, mnataka nini tena.

Haya. Msimamo wangu nausema mapema: ekinasia ya dabo sio ngumu kama watu wanavyodai. Wengi zinawafia winta ya kwanza afu wanasema baridi imeua. Baridi haijaua kitu. Kilichoua ni maji yaliyotuama kwenye mizizi, pamoja na kuuacha mche mchanga uchanue msimu mzima mpaka unaingia winta hauna akiba yoyote. Karibu kila kitu hapa chini kinahusu hayo mawili.

Hatua ya 1: jua unachonunua

Ekinasia ya kawaida ni ile ya petali za pinki zinazolegea kuzunguka koni ya miba miba, ni mzaliwa wa hapa hapa Marekani, maeneo ya kati na mashariki. Lile unaloliita ua moja ni kundi la vijiua vingi sana, vya pembeni vina petali na vya katikati ndio vinatengeneza koni. Kwenye dabo, vile vya katikati navyo vimegeuka petali fupi fupi, ndio unapata lile pompomu juu. Kizuri hicho kina gharama yake: chavua na nekta zinapungua, mbegu ni chache au hamna kabisa, nyuki na wale ndege wa njano wanaokuja kudonoa mbegu mwezi wa tisa hawapati kitu. Mimi kila nikipanda dabo naweka na za kawaida karibu, mfano Magnus, ambayo ilichaguliwa mmea wa mwaka 1998 na chama cha wakuza maua ya kudumu cha Marekani na bado bei yake iko chini.

Kwenye dabo zenyewe rangi sio urembo tu, inakupa habari. Pinki na nyeupe nyingi zimetoka kwa Echinacea purpurea yenyewe, na kwangu hizo ndio zinavumilia zaidi. Pink Double Delight ni fupi, inasimama bila fimbo, anza na hiyo. Southern Belle ni ndefu na rangi yake imekolea. Coconut Lime ni nyeupe yenye kijani katikati, wengine wanaipenda sana, mimi sio sana. Za machungwa na njano kama Hot Papaya na Marmalade zina damu ya Echinacea paradoxa, ekinasia ya njano ya milima ya Ozark, inayoota kwenye mawe mawe na udongo usiotuamisha maji. Sasa ukiichukua hiyo ukaizika kwenye mfinyanzi wa Columbus unategemea nini? Ni nzuri mno, sikatai, ila ziweke kwenye tuta lililoinuka.

Mbegu achana nazo. Ukikamua mbegu kwenye dabo na zikaota, hutapata mama yake. Kuna moja tu naijua inayouzwa kwa mbegu, Double Decker, yenye ghorofa mbili za petali, nayo mwaka wa kwanza mara nyingi inatoa maua ya kawaida. Pia angalia ile lebo ya plastiki kwenye chungu, ukiona PP na namba, au PPAF, ujue aina hiyo ina hataza (patenti, yaani haki ya kisheria ya aliyeibuni) au imeombewa, na hataza ikishatoka kisheria huku huruhusiwi kuizalisha kwa kuigawa au kwa vipandikizi hadi muda wake uishe, ambao ni miaka 20 tangu ilipoombwa.

Hatua ya 2: nunua mwezi wa tano, sio wa tisa

Najua mwezi wa tisa naseri za kuuza miche zinashusha bei na mikono inawasha. Ila mche wa Septemba una wiki chache tu za kushika udongo kabla haujaganda. Nunua springi, huku kwetu wazee wa bustani wanasubiri Siku ya Mama ipite ndio wapande, ni utaratibu mzuri kwa sababu miche mingi imetoka kwenye joto la grinihausi. Ukifika nayo nyumbani usiipande siku hiyo hiyo, itoe nje kivulini kwanza, kila siku uisogeze juani kidogo kidogo kama wiki hivi.

Chungu cha galoni moja kinatosha. Usichague chenye maua mengi! Chagua chenye vichipukizi vingi kuanzia chini, vitatu vinne hivi, majani ya kijani yasiyo na mabaka, afu ukichomoa kidogo uone mizizi myeupe. Chenye shina moja refu na ua moja kubwa juu ndio watu wanakikimbilia na ndio kibovu kuliko vyote pale mezani.

Hatua ya 3: mahali na udongo (hapa usiwe na haraka)

Jua masaa sita au zaidi. Kivuli kikizidi shina linarefuka kutafuta mwanga, na kichwa cha dabo ni kizito, mvua moja tu vyote viko chini.

Afu pima maji. Chimba shimo la sentimita 30, jaza maji, yaache yanywee yote, jaza tena halafu chomeka rula. Yakishuka sentimita mbili na nusu au zaidi kwa saa uko salama. Yakikaa tu yanakuangalia, usijidanganye kwamba utamwaga mchanga mfuko mmoja yaishe, mchanga kidogo kwenye mfinyanzi unaweza kukupa kitu kigumu karibu na saruji. Dawa ni kuinua: tengeneza tuta la sentimita 20 hadi 30 juu ya ardhi, changanya udongo wa juu na mboji iliyooza vizuri, usawazishe pande ziwe na mteremko. Mboji iwe ya kiasi, samadi mbichi hapana, na mbolea ya naitrojeni ya kukuzia majani ya uwanja weka mbali kabisa na hapa.

Hatua ya 4: kupanda

Mwagilia chungu kwanza. Chimba shimo upana mara mbili ya chungu ila kina kile kile, sio zaidi. Mizizi ikiwa imejizungusha mduara ifumue kwa vidole, ikikataa pitisha kisu juu juu sehemu tatu nne. Sasa angalia ile sehemu ambapo mashina yanakutana na mizizi, hiyo ndio roho ya mmea: iwe usawa wa udongo au ipande juu kidogo, kamwe isizame. Rudishia udongo, bana kwa mikono sio kwa buti, mwagilia taratibu mpaka udongo utulie. Mche na mche sentimita 45 hadi 60, utaona kama kuna uwazi mkubwa ila hewa inahitaji kupita, la sivyo majani yanapata ule unga mweupe mwezi wa nane.

Matandazo weka sentimita tano hivi, ila acha kiduara kitupu kuzunguka shina. Ile tabia ya kurundika matandazo mpaka shingoni kama mnavyofanyia miti huku mitaani, hapana.

Hatua ya 5: kata maua. Ndio, kata

Watu hapa ndio wananigombeza. Mwaka wa kwanza kila shina la ua likitokea, likiwa bado na kitumba kidogo, likate chini karibu na majani. Kama moyo unauma acha moja mwezi wa saba ulione rangi uhakikishe umeuziwa ulichoomba, yaliyobaki kata. Nguvu inashuka kwenye mizizi na kuotesha vichipukizi vipya pale chini, na hivyo vichipukizi ndio vitakavyorudi mwakani, lile shina lenye ua litakufa tu hata ulibembeleze. Mimea hii mipya ya kisasa imefugwa ichanue mapema na ichanue sana, ukiiachia itachanua mpaka ijimalize.

Maji mwaka huo wa kwanza ni kama sentimita mbili na nusu kwa wiki ukijumlisha na mvua, mwagilia chini sio juu ya majani, na kabla hujamwagilia ingiza kidole, ukikuta unyevu acha. Mwaka wa pili utakuwa unaisahau wiki nzima na haisemi kitu.

Likianza kuchanua usirudishe risiti dukani

Nasema hivi kwa sababu ujumbe ninaopokea kila mwezi wa saba ni huo huo, "nimeuziwa feki, imetoa ya kawaida". Subiri. Dabo hufunguka kwa awamu. Kwanza petali za nje zinatandaza na katikati kuna koni ya kijani ngumu, kabisa kama ekinasia ya kila siku. Siku zinavyoenda pembezoni mwa koni kunaanza kutokea vijipetali vyembamba kama nyuzi, halafu vinapanda kuelekea katikati na lile ua linavimba mpaka petali za nje zinaonekana kama sketi tu. Na mmea mchanga au uliopata shida unaweza kutoa maua ya kawaida msimu mmoja, mwaka unaofuata unajirekebisha.

Ua likizeeka kata juu tu ya jani lenye kitumba pembeni, utapata wimbi jingine. Kwa ajili ya vasi kata asubuhi, ua likiwa limeshafunguka kabisa, ukilikata changa linanyong'onyea.

Wadudu na magonjwa mawili ya kutofautisha

Mende wa Kijapani wanakuja kuanzia Juni mwishoni, wale wa mgongo wa shaba. Asubuhi na mapema wakiwa bado wazito watikise wadondokee kwenye ndoo ya maji ya sabuni, inatosha, mitego ya harufu inakuitia na wa jirani.

Cha kuogopa ni ugonjwa unaoitwa aster yellows. Petali zinageuka kijani, vijani vinaota juu ya koni, mmea mzima unapauka na kudumaa. Unasambazwa na vidudu vya kuruka vinavyofyonza majani na hauna dawa, ng'oa na mizizi, weka kwenye mfuko wa takataka, haraka kabla haujafika kwa wengine. Ila kuna utitiri mdogo mno usioonekana kwa macho ambao nao unaharibu maua na watu wanang'oa mimea mizima bure. Tofauti yake ni hii: utitiri unachafua katikati ya ua tu, unakuta vishungi vimekunjamana, lakini majani na shina viko salama na rangi za petali zipo. Hapo kata vichwa utupe, na mwezi wa kumi na moja safisha mabua yote. Kwenye dabo kuangalia kunataka umakini, maana katikati pameshajaa tayari, kwa hiyo mimi naangalia majani kwanza.

Winta na kurudi kwake

Kuanzia katikati ya mwezi wa tisa usiache ua lolote jipya. Mbolea hakuna. Baridi ikishika na udongo ukaganda, tandaza majani makavu mepesi kuzunguka, shingo bado iwe wazi, kazi yake ni kuzuia udongo usigande na kuyeyuka kila wiki ukausukuma mche mchanga juu. Ukiukuta umeinuliwa usiuache hivyo, ubonyeze urudi. Theluji iache, inaukinga. Theluji yenye chumvi ya kutoka barabarani ndio usiitupie hapo.

Springi sasa vuta subira, ekinasia inachelewa kuamka, jirani yako atakuwa na tulipu zimeshapukutika na wewe unaangalia tope. Usichimbechimbe kuangalia kama ipo hai. Ukiona vijani vya kijani cheusi cheusi vyenye vinyweleo ndio hivyo, zungushia wavu wa kuku siku hiyo hiyo kwa sababu sungura wanavipenda kuliko saladi yako. Mpaka Juni mosi hamna kitu, fukua: mizizi ikiwa laini na inanuka, hapo maji yanatuama, usirudishe ekinasia nyingine kwenye shimo hilo kabla hujainua tuta.