Anza na bibo, kitabu baadaye

Walimu wa baiolojia wa Newala na Tandahimba, msimu wa korosho usiwapite bure. Mkifika mada ya matunda na mbegu, mpe kila mwanafunzi bibo likiwa na korosho yake, kisha uliza: tunda ni lipi hapo? Karibu wote watashika bibo. Kumbe lile ni kikonyo kilichovimba tu. Tunda lenyewe ni korosho inayoning'inia chini, na mbegu imo ndani yake. Watabisha hao, waache wabishane! Halafu gawa korosho nzima zilizokwisha kubanguliwa. Ukiipasua inaachana vipande viwili, akiba ya chakula cha mche, na kwenye ncha utaona kichipukizi kidogo. Mbichi wasibangue wenyewe, mafuta ya ganda yanababua ngozi.