Somo: Kupanda mikoko ikashika (kwa vikundi vya kujitolea vya pwani)

Wadau, salaam.

Kila ikikaribia Juni 5, Siku ya Mazingira, na tena Julai 26, Siku ya Mikoko Duniani, vikundi huanza kuulizana miche inapatikana wapi. Mnawahi mno. Anzeni na hili: hapo mnapotaka kupanda, kwa nini mikoko haipo? Mikoko iliyokomaa hudondosha miche kila msimu na bahari huisambaza bure. Kama miaka yote hiyo maji yamepita na miche na hakuna hata mmoja ulioshika, kuna kitu kinaizuia, na kitu hicho hicho kitaiua ya kwenu.

Somo hili ni la watu wa ukanda wa bahari, kuanzia Tanga hadi Mtwara na visiwani. Ndugu zetu wa Kwale na Lamu watalitumia vilevile, wabadilishe majina ya ofisi tu.

Hatua ya 1: Tafuteni sababu

Nendeni na wazee wa pale, wavuvi na kina mama wanaookota kombe, maji yakiwa yamekupwa. Waulizeni palikuwaje zamani.

Kama ni ukataji tu, watu walikata nguzo na kuni kisha wakaacha, na kuna msitu hai jirani, huenda hamhitaji kupanda chochote. Lindeni, ondoeni takataka, mbegu zitakuja. Najua hii haipendezi kwenye picha.

Kama maji yamezibwa, kwa mfano na barabara isiyo na kalavati, tuta la shamba la chumvi au kifusi cha ujenzi, utaona maji yaliyotuama yananuka, au ardhi imekauka mpaka chumvi inaonekana nyeupe juu. Hapo miche elfu kumi haisaidii. Kinachosaidia ni jembe na koleo la kufungua mkondo.

Pengine ni udongo kutoka bara. Mvua za El Niño za 1997-98 zilishusha udongo mwingi kwenye hori la Mwache, Mombasa. Mizizi ya kupumulia ikafukiwa na miti ikafa ikiwa imesimama. Ukiona hali hiyo, kazi inaanzia juu mtoni, siyo baharini.

Na pengine hapo hapakuwa na mikoko kamwe. Hili ndilo linalomaliza miche mingi kuliko kaa, mbuzi na mawimbi. Tope tupu la chini halina mwenyewe, halina mgogoro, na lina nafasi ya watu wengi, kwa hiyo kila mradi unalikimbilia. Lakini mikoko huota kuanzia usawa wa katikati ya kupwa na kujaa kwenda juu. Chini ya hapo ni makao ya nyasi za bahari, pweza na kombe, na mche ukiwekwa huko unakaa majini saa nyingi mno hadi unakosa pumzi. Ufilipino walipanda namna hiyo kwa miongo mingi na kwa fedha nyingi, na watafiti walipokwenda kuhesabu walikuta sehemu nyingi iliyobaki hai ni asilimia 10 hadi 20 tu. Huku kina mama wakawa wamepoteza pa kuokotea.

Hatua ya 2: Ruhusa

Mikoko ya Tanzania Bara ni msitu wa hifadhi chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu. Hata kama mnapanda tu, andikeni barua kupitia serikali ya kijiji au mtaa, nakala kwa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe. Zanzibar ni idara ya misitu, Kenya ni KFS, idara ya misitu ya huko. Msiwaruke BMU, kwa sababu wao ndio wanaojua mashua zinapita wapi, na njia ya mashua haipandwi.

Hatua ya 3: Acheni maji yawapimie

Hapa ndipo pa kutulia. Hamhitaji mashine. Tafuteni karibu na eneo lenu mahali ambapo miche ya mikoko imejiotea yenyewe na ina afya. Hapo ndipo penye kimo sahihi cha ardhi. Sasa mnataka kujua ni wapi kwenye eneo lenu pana kimo hicho hicho.

Chagueni siku tulivu, isiyo na upepo, ya bamvua, yaani siku za karibu na mwezi mwandamo au mwezi mpevu, ambapo pwani yetu maji hupanda na kushuka takriban mita 3. Mtu mmoja akae kwenye ile miche ya asili. Wengine wajipange ukingoni mwa maji yanayojaa, kila mmoja na vijiti vyake. Maji yakigusa miche ya chini kabisa, yule mmoja apige filimbi, na kila mtu achomeke kijiti pale pale maji yalipofika mbele yake. Yakifika kwenye miche ya juu kabisa, filimbi ya pili, safu ya pili ya vijiti. Eneo lililo kati ya safu hizo mbili ndilo shamba lenu. Mara nyingi ni jembamba kuliko mlivyotarajia, na mwenyekiti wa kikundi atanung'unika. Mwacheni anung'unike.

Kama safu zote mbili zimepita nje ya eneo lenu, basi eneo lenu siyo la mikoko. Tafuteni jingine.

Hatua ya 4: Aina na mbegu

Mikoko ina aina kadhaa. Kwa kawaida mlilana ndio unaokaa mbele kabisa baharini, nyuma yake mkoko wenyewe, ule wenye mizizi iliyojipinda kutoka juu ya shina, kisha msinzi (wengine huuita muia), mkandaa, na mchu nyuma kwenye chumvi kali. Mchu ni mbishi, unaweza kuukuta mbele pia. Msiamini mpangilio wa kwenye karatasi, tazameni msitu wa jirani umejipangaje.

Vikundi vingi hupanda mkoko peke yake kwa sababu mche wake ni mrefu, rahisi kuokota na kuchomeka. Matokeo yake ni mkoko unaopandwa mahali pa mchu na unaopandwa mahali pa mlilana, na wote unakufa.

Tunda la mkoko huota likiwa bado mtini. Mche umekomaa ukiona pete ya njano kwenye shingo, kati ya tunda na mche, au ukitikisa kidogo unadondoka wenyewe. Usiung'oe kofia ya tunda kwa nguvu, utavunja kichipukizi. Mkandaa na msinzi ni hivyo hivyo, ila mifupi. Mbegu ya mchu iloweke mpaka ganda litoke, na ipandwe mapema, maana haivumilii kuwekwa. Mlilana ndio mgumu: tunda liloweke mpaka lilainike, ulikamue upate mbegu ndogo ndogo, kisha zipite kitaluni.

Kagueni kila mche. Wenye tundu la mdudu, tupa. Na msiokote yote chini ya mti mmoja.

Hatua ya 5: Kitalu

Mkoko, msinzi na mkandaa mnaweza kuchomeka moja kwa moja bila kitalu. Mchu na mlilana vina faida vikikaa kitaluni miezi kadhaa. Kitalu kiwe mahali maji ya bahari yanapofika yenyewe siku nyingi, tope la hapo hapo, kivuli kidogo cha makuti. Viriba, ile mifuko ya nailoni ya kuoteshea miche, vihesabiwe vinapotoka na vinaporudi. Kikundi cha mazingira kinachoacha nailoni kwenye tope kinajitukana.

Hatua ya 6: Siku ya kupanda

Tazameni jedwali la maji, na muanze maji yanapokupwa. Mgeni rasmi aambiwe saa ya maji, siyo saa ya ratiba, kwa sababu bahari haisubiri hotuba. Watu 30 wanaojua kazi ni bora kuliko 300 wanaokanyaga walichopanda wenzao.

Miguuni vaeni raba kuukuu zilizofungwa kamba vizuri. Gumbuti tope linaimeza, na peku chaza watawachana.

Mche wa mkoko uchomekwe theluthi moja ya urefu wake. Upande uliokuwa kwenye tunda, wenye kichipukizi, unakaa juu. Wageni wengi hugeuza, kwa hiyo kila watu watano wapate msimamizi mmoja. Kati ya mche na mche iwe mita 1 hadi 1.5. Wa kitaluni chaneni kiriba, msiuvute kwa shina.

Hatua ya 7: Baada ya picha

Rudini baada ya mwezi, baada ya miezi mitatu, sita, kisha kila mwaka. Hesabuni iliyo hai na iliyokufa kwenye vipande vichache mlivyoweka alama, mwandike kwenye daftari. Ondoeni mwani na nyavu zilizojizungusha kwenye miche. Ongeeni na wenye mbuzi. Na kabla ya kujazia mapengo, jiulizeni kwa nini yamekuwa mapengo.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Mtwara: Mkuu, asante kwa somo. Huku kuna mashamba ya chumvi yaliyoachwa miaka mingi. Tunaweza kupanda?

*Jibu:* Hapo pazuri sana, ila anzeni na mwenye hati, maana "limeachwa" siyo "halina mwenyewe". Akikubali, kateni tuta mahali ambapo mkondo wa zamani ulipita. Alama yake mara nyingi bado inaonekana. Kisha subirini masika yapite, chumvi ioshwe. Mchu ukianza kujiotea, mjue njia ni sahihi. Jazieni tu pale ambapo haukufika.

Kutoka Dar es Salaam: Vijana wetu wanauliza posho. Tusipotoa hawaji.

*Jibu:* Msimamo wangu: chakula, maji na nauli, ndiyo. Posho ya siku ya kupanda, hapana, kwa sababu inaleta watu wa siku moja. Kama kuna fedha, mlipeni mtu anayetunza kitalu kila siku na wanaolinda, hiyo ni kazi ya kweli. Nao wavuvi na kina mama wanaoacha shughuli zao kuja kuwaonyesha sehemu, msiwatumie bure.

Kutoka Kibiti: Shikamoo mwalimu. Delta ya Rufiji watu wamefyeka mikoko wakalima mpunga. Tukipanda juu yake itakuwaje?

*Jibu:* Marahaba. Itakuwa ugomvi, na miche itang'olewa usiku. Delta hiyo ina msitu mkubwa kabisa wa mikoko Afrika Mashariki, na suala la mashamba ndani ya hifadhi ni la TFS, halmashauri na vijiji kukaa pamoja. Siyo la kikundi cha kujitolea kujichukulia. Ninyi tafuteni mashamba ambayo wakulima wenyewe wameyaacha kwa sababu chumvi imeingia au rutuba imeisha. Hapo hamgombani na mtu, na mbegu ziko jirani.

Kutoka Tanga: Nimesikia Kenya wanalipwa fedha za kaboni kwa mikoko. Nasi tufanyeje?

*Jibu:* Unasema Mikoko Pamoja, ya vijiji vya Gazi na Makongeni, Kwale. Walianza kuuza kaboni 2013, yaani kulipwa kwa hewa ukaa ambayo mikoko yao inaihifadhi, eneo lao ni hekta 117, na mapato yameingia kwenye maji ya kijiji na shule. Lakini angalia walikotoka: watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, walikuwa wakifanya kazi Gazi tangu miaka ya 1990, na sehemu kubwa ya kinachouzwa ni msitu uliopo unaolindwa, siyo miche ya jana. Hapa kwetu kuna Kanuni za biashara ya kaboni za 2022, na miradi inasajiliwa kupitia kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kilichopo SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Akija mtu na mkataba wa miaka 30 anataka saini ya mwenyekiti wiki hii, mpelekeni kwanza kwa mwanasheria wa halmashauri. Na msianzishe kikundi kwa kutegemea fedha hizo.

Kutoka Kigoma: Na sisi wa ziwani tupande mikoko?

*Jibu:* Hapana ndugu yangu, Ziwa Tanganyika halina kupwa na kujaa, acheni mikoko baharini. Ninyi simamieni mita 60 za kando ya maji ambazo Sheria ya Mazingira ya 2004 inazikinga, muache matete na miti ya asili irudi. Samaki wanazaliana humo.

Kutoka Bagamoyo: Kaa wametafuna miche yetu yote ya mkoko ndani ya wiki.

*Jibu:* Kaa wanapenda mibichi. Ikusanyeni, muiweke kivulini siku kadhaa ikiwa na unyevu, ndipo mpande. Hamu yao hupungua. Mnaweza pia kupanda iliyokwisha kutoa majani kitaluni. Msimwage dawa. Mashimo ya kaa ndiyo yanayoingiza hewa kwenye tope.

Kutoka Kilwa: Miche yetu ina majani, lakini shina limejaa vigamba vyeupe kama vile vinavyoshika chini ya mashua. Dada mmoja anasema tuvikwangue na kisu.

*Jibu:* Mwambie dada asubiri. Mkikwangua mnachuna ganda la mche, na vigamba vitarudi. Vigamba vikiwa vingi hivyo, maana yake mche unakaa majini muda mrefu kila siku, yaani mmepanda chini mno. Ambao bado una majani mabichi uacheni ujaribu bahati yake. Msijazie mapengo hapo. Rudini na vijiti na filimbi bamvua linalofuata, mtafute mstari ulio juu zaidi.