Kabla ya Kuanza Modeli ya Datsun 240Z ya Safari Rally

Miongoni mwa modeli za magari ya zamani, Datsun 240Z iliyoshinda mashindano ya magari ya East African Safari mwaka 1971, ikiendeshwa na Edgar Herrmann akiwa pamoja na Hans Schüller, inavutia sana na inasumbua vilevile. Kampuni ya Hasegawa ya Japani imeitoa kama vipande vya plastiki vya kuunganisha, kwa kipimo cha 1/24, ambapo milimita 2,305 zilizopo kati ya ekseli mbili za gari halisi zinabaki 96 tu. Kwa udogo huo, rangi ikizidi kidogo huziba mistari ya milango, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla ya chupa ya gundi kufunguliwa.

Jambo la kwanza ni kuamua unaunda gari lipi na la siku gani. Datsun 240Z ilishinda tena mwaka 1973, safari hiyo mikononi mwa Shekhar Mehta, na picha za magari hayo mawili huchanganywa mara kwa mara. Isitoshe, gari la 1971 limehifadhiwa na Nissan huko Zama, Japani, na limekwisha kukarabatiwa, hivyo picha zake za sasa ni safi na zinaonyesha vizuri mahali pa kila taa, ilhali picha za mashindano zinaonyesha gari lililochakaa kwa safari. Anayechukua nusu huku na nusu kule ataunda gari ambalo halikuwahi kuwapo siku yoyote. Ukichagua gari la mashindano, kumbuka kwamba Safari ilifanyika wakati wa Pasaka, msimu wa masika, na uamue mapema tope lako ni la udongo mwekundu au la ule mweusi unaonata wa mbugani, kwa sababu uamuzi huo ndio unaoamua kama vanishi ya mwisho itakuwa ya kung'aa au iliyofifia.

Rangi ndiyo inayoharibu modeli nyingi, nami ningeitengea muda kuliko mambo mengine yote. Osha bodi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ili kuondoa mafuta ya kiwandani, kisha pitisha ncha ya kisu polepole katika mistari ya milango na boneti ili iwe na kina cha kutosha. Rangi nyekundu hupitisha mwanga, kwa hiyo praima (rangi ya msingi inayopakwa kwanza) ya kijivu huifanya ionekane imepauka. Tumia nyeupe au ya waridi. Nyekundu hutangulia, kisha boneti hupakwa nyeusi isiyong'aa, ambayo kwenye gari halisi ilikuwa ya kumpunguzia dereva mwako wa jua. Usibandike utepe wa kuifunikia nyekundu siku hiyohiyo, hata kama rangi imekauka unapoigusa, na ukiubandika, ukandamize kingo zake kwa ukucha ili nyeusi isipenye chini yake.

Kwa wanaoishi Mombasa, Dar es Salaam au Zanzibar kuna tatizo ambalo maelekezo ya boksini huwa hayaligusi. Thina inapovukiza huupoza uso wa rangi, na unyevunyevu wa hewani ukitua hapo huacha ukungu mweupe, hasa kwa rangi zinazokauka haraka. Puliza rangi saa ambazo hewa ni kavu zaidi, kamwe si wakati mvua inanyesha, na ujaribu kwanza kwenye kijiko cha plastiki. Kijiko hichohicho kitakuonyesha kama vanishi uliyonunua inapatana na rangi iliyo chini yake, maana thina kali juu ya rangi laini huikunja na kuipasua. Dirisha liwe wazi, nawe uvae barakoa yenye kichujio cha mvuke, kwani ile ya kitambaa haizuii mvuke.

Kuhusu gundi hakuna mengi: gundi ya plastiki kwa bodi, na gundi nyeupe ya karatasi kwa vioo, kwa kuwa mvuke wa supaglu huvifanya vioo kuwa na ukungu.

Mwisho, kagua stika za maji, yaani zile za namba na maandishi zinazoloweshwa kabla ya kubandikwa. Boksi lililokaa sana dukani huwa na stika zilizogeuka manjano. Ziweke ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha, uzibandike kwenye kioo cha dirisha linalopigwa na jua kwa siku kadhaa, nazo hurudi kuwa nyeupe. Zikishakuwa safi, ziskani kwa ukubwa wake halisi kabla hata moja haijaguswa na maji, ili ikichanika namba ya mlangoni uweze kuchapisha nyingine.