Wakikwambia "tutakupigia simu": namna ya kusubiri upasuaji wa moyo wa mtoto

Kitindamimba wangu alikuwa na miezi minne. Daktari akamwekea kile chombo cha kusikilizia moyo, akakitoa, akakiweka tena, kisha akamwita mwenzake naye asikilize. Wiki ile ile tukaambiwa moyo una tundu. Tangu siku hiyo mpaka anaingia chumba cha upasuaji ulipita mwaka na miezi miwili. Mimi nauza vitumbua Kihonda, Morogoro, si mtu wa hospitali. Haya nimejifunzia kwenye mabenchi.

Anza na hili, maana ndilo lililonichelewesha: barua ya rufaa si foleni. Nilikaa na yangu miezi mitatu kwenye mkoba nikijua tunasubiri, kumbe hakuna anayetujua. Barua inakufikisha kwa daktari bingwa tu. Yeye atampima mtoto eko, yaani ile picha ya moyo ukiwa unadunda, madaktari wakae wajadili, ndipo jina liingie kwenye orodha. Au lisiingie, kwa sababu matundu mengine madogo huziba yenyewe na mtoto anafuatiliwa tu. Kwa hiyo kabla hujatoka chumba cha daktari uliza waziwazi: "Mwanangu yuko kwenye orodha ya upasuaji, au bado tunafuatilia?" Jibu liandike kwenye daftari, na tarehe.

Acha namba tatu za simu: yako, ya baba yake, na ya jirani ambaye habadilishi laini. Mimi niliacha moja. Simu ikaibiwa sokoni, nikasajili laini mpya, sikukumbuka kuwaambia. Walikuja madaktari wa nje kwa kambi, wiki ambayo watoto wengi hufanyiwa upasuaji kwa mpigo, wakanitafuta hewani wasinipate. Nilikuja kujua siku ya kliniki. Nililia mbele ya nesi, naye akaniambia kwa upole, "Mama, andika namba ya pili."

Fedha nitasema kwa kifupi. Kwa sera ya nchi yetu, mtoto wa chini ya miaka mitano hatakiwi kulipia matibabu hospitali ya serikali, lakini dirishani unaweza kukuta kipimo kina bei. Usigombane na karani, hana mamlaka hayo. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii humo humo hospitalini, ukiwa na barua ya serikali ya mtaa, na uende kabla bili haijakua.

Sasa, jina likishaingia orodhani linaweza kurudishwa nyuma na vitu ambavyo viko mikononi mwako. Mtoto mwenye kikohozi au homa huahirishwa, hawampi dawa ya usingizi kifua kikiwa kimejaa. Usimpeleke kwenye misongamano bila sababu, na chanjo zote amalize. Meno yakitoboka, tibu mapema, wadudu wa meno huweza kufika kwenye moyo. Ndugu wa kuchangia damu watafute sasa. Nilimbana shemeji yangu mwezi mzima.

Na uzito. Mtoto wa moyo huchoka kunyonya kama mtu mzima anayepanda mlima: anavuta kidogo, anatoa jasho kipajini, anaacha. Usimlazimishe. Mpe kidogo kidogo, mara nyingi. Alipofika miezi sita nilianza uji mzito wenye karanga zilizosagwa laini na kijiko cha mafuta, kwa sababu uji mwepesi unajaza tumbo bure. Nilikuwa nampima kila mwezi, na akiongezeka nilimkumbusha daktari, maana dozi ya dawa hufuata kilo.

Jifunze pia kuhesabu pumzi. Subiri alale, mfunue kifua, tazama tumbo likipanda na kushuka kwa dakika nzima kwa saa ya simu. Kwa kawaida mtoto wa miezi 2 mpaka 12 akifika pumzi 50 anahesabika anapumua haraka. Wa mwaka 1 mpaka 5 ni 40. Wa moyo anaweza kuwa juu ya hapo kila siku, kwa hiyo ijue ya kwake. Wangu alikuwa 54. Usiku aliofika 70 hatukungoja kuche.

Ukifika na mtoto wa namna hiyo, usikae kwenye benchi. Usiseme "anaumwa", wote pale wanaumwa. Sema: "Sista, huyu ana tundu la moyo, mbavu zinaingia ndani, hajanyonya tangu jioni." Midomo kuwa ya bluu, degedege, kulegea asiamke, kutapika kila kitu: hizo nazo hazina foleni. Kuna hospitali nilijibiwa nikate kadi kwanza. Nilimfunua mtoto kifua hapo hapo kaunta, wala sikuongeza neno. Walimchukua.

Simu ya pili ilikuja saa moja asubuhi, mafuta yakiwa motoni. Walitaka tuwe Dar es Salaam kesho yake. Begi lilikuwa limefungwa tangu mwezi uliopita: faili, kadi ya kliniki, dawa zake, khanga mbili, ndoo ndogo, chaja, na nauli ya treni ya watu wawili ndani ya soksi. Nilichotafuta asubuhi ile ni mtu wa kumalizia vitumbua.